Daftari za Babu Asiyewaona Wajukuu Wake: Maisha ya Daktari David Livingstone

Katika mwezi wa Aprili wa mwaka 1872 mvua kubwa ilinyesha katika nchi hii yetu, mvua ambayo wazee waliisimulia kwa miaka mingi baadaye. Tufani ilikuwa imepiga Unguja, ikavunja majahazi na kung'oa minazi, na huku bara mito ikafurika. Mto Ngerengere ulitoka katika kingo zake, ukaupiga mji wa Simbamwenni, mji wa Kisabengo, uliokuwa karibu na mahali ilipo Morogoro ya leo. Mji ule ulikuwa na ukuta wa mawe na minara minne. Maji yakauangusha ukuta wa mbele, yakachukua nyumba nyingi na watu waliokuwamo. Vijiji vya Waluguru vilivyokuwa mitelemkoni mwa milima navyo vikapata hasara kubwa.

Katika siku hizo hizo msafara mmoja ulikuwa ukitoka bara kwenda pwani, ukipita katika mbuga ya Makata iliyogeuka kuwa ziwa. Mkuu wa msafara alikuwa Henry Morton Stanley, naye alikuwa amemwacha Daktari David Livingstone huko Kwihara, karibu na Tabora, tarehe 14 Machi. Miongoni mwa mizigo yake lilikuwamo sanduku lenye barua za Daktari na daftari lake kubwa, ambalo ndani yake alikuwa ameandika habari za safari zake tangu mwaka 1866. Daftari lile lilikuwa limefungwa kwa mihuri mitano ya lakiri, nalo lilipelekwa kwa binti yake Agnes huko Uskoti. Walipofika katika mto mmoja uliofurika, kijana mpagazi, ambaye Stanley aliandika jina lake Rojab, bila shaka ndiye Rajabu, alijitwika sanduku lile kichwani akaingia majini pasipo kuagizwa. Katikati ya mto akakanyaga shimo, akazama hata karibu sanduku lianguke. Stanley akamwelekezea bastola, akamtisha kwamba akiliangusha atampiga. Kijana akajikaza, akasimama tena, akavuka, na sanduku likafika ng'ambo likiwa kavu.

Hivyo ndivyo daftari za mtu yule zilivyopita chini ya milima yetu. Zilikuwa karibu kupotelea katika maji ya nchi hii, nazo ziliokoka kwa shingo ya mpagazi ambaye hakuna ajuaye alizaliwa wapi wala alizikwa wapi. Basi yafaa sisi washarika wa Morogoro na Uluguru tujue ni maneno ya nani yaliyobebwa hivyo, na yalizaa nini kwa watoto wake na watoto wa watoto wake. Maana Livingstone hakuwa wa kanisa letu, lakini swali aliloliacha ni la kila nyumba iliyo na babu mcha Mungu: je, urithi wa babu humfuata nani?

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre katika Uskoti. Baba yake, Neil, alikuwa mchuuzi wa majani ya chai, mtu maskini, mwenye bidii katika mambo ya dini na mwalimu wa watoto siku ya Jumapili. Jamaa yote ilikaa katika chumba kimoja. David alipotimiza miaka 10 alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba, tangu saa kumi na mbili asubuhi hata saa mbili usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha kujifunzia Kilatini. Kitabu alikiweka juu ya mtambo wake, na kila alipopita mbele yake alisoma mstari mmoja, kisha akaenda akarudi, akasoma mwingine. Tangu hapo mtu huyu hakutengana na kitabu wala kalamu mpaka siku nne kabla ya kufa kwake.

Akasoma uganga huko Glasgow, akapokewa na Chama cha Misheni cha London, akakusudia kwenda China. Lakini vita vya Waingereza na Wachina vilifunga njia, naye alipokutana na mzee Robert Moffat, aliyekuwa mmisionari katika Afrika ya kusini, moyo wake ukageukia huku. Alifika Rasi mwaka 1841. Mwaka 1844 simba alimshika huko Mabotsa akauvunja mkono wake wa kushoto, na mkono ule haukupona sawasawa. Mwaka uliofuata akamwoa Mary, binti wa Moffat. Akakaa Kolobeng kwa mfalme Sechele, ambaye alimbatiza mwaka 1848. Huyo ndiye mfalme pekee ambaye twasikia Livingstone alimbatiza, na hata huyo baada ya muda mfupi alitengwa na meza ya Bwana kwa sababu ya wake zake. Kama tungehesabu kazi ya mmisionari kwa idadi ya waliobatizwa, basi Livingstone alikuwa mtumishi aliyerudi mikono mitupu. Lakini Sechele hakuacha kusoma wala kuhubiri, akawafundisha watu wake mwenyewe miaka mingi baada ya mwalimu wake kuondoka.

Mwaka 1852 Livingstone alimpeleka mkewe na watoto wake wanne Ulaya, naye akarudi bara peke yake. Kwa msaada wa Wakololo alitembea hata Luanda katika pwani ya magharibi, akafika huko mwaka 1854. Kisha akageuka, akafuata mto Zambezi, akayaona maporomoko makubwa mwaka 1855, akatokea Quelimane katika pwani ya mashariki mwezi wa Mei 1856. Aliporudi kwao watu walimshangilia, na kitabu alichokiandika mwaka 1857 kikanunuliwa na watu wengi sana. Lakini katika miaka ile minne mkewe na watoto walikuwa wakihangaika huku na huku, hawana nyumba wala fedha ya kutosha. Jambo hili hakuna wa kulificha, wala yeye mwenyewe hakulificha. Katika kitabu chake aliandika kwa majuto kwamba huko Kolobeng, kila jioni alipochoka na kazi ya mchana, hakuwatengea watoto wake saa ya kucheza nao. Na alipotaka kuwatengea, walikuwa wameisha kukua.

Safari ya pili, tangu 1858 hata 1864, ilikuwa safari ya machozi. Alifika Ziwa Nyasa mwaka 1859, akaona jinsi misafara ya watumwa inavyovuka ziwa lile kwenda Kilwa. Mwezi wa Julai 1861, alipokuwa akiwaongoza Askofu Mackenzie na wenziwe kwenda nyanda za juu za Shire, walikutana na msafara wa watumwa waliofungwa kwa mipanda shingoni. Walinzi wakakimbia, kamba zikakatwa, watu 84 wakafunguliwa. Mmoja wao alikuwa mvulana Myao aitwaye Chuma. Watu hao wakakaa pamoja na wamisionari mahali paitwapo Magomero. Wasomaji walishike jina hilo, maana tutalirudia.

Tarehe 27 Aprili 1862 Mary Livingstone alikufa kwa homa huko Shupanga, akazikwa chini ya mbuyu. Mwana wao wa kwanza, Robert, alikwenda Marekani, akajiandikisha kwa jina la kubuni katika jeshi la upande uliopigana na wenye watumwa. Akatekwa, akafa mwaka 1864 katika kambi ya wafungwa huko North Carolina, naye alikuwa na miaka 18 tu. Livingstone aliporudi kwao mwaka ule alimwona kwa mara ya kwanza binti yake mdogo, Anna Mary, ambaye alikuwa ametimiza miaka mitano pasipo kumjua baba yake.

Mwaka 1866 alirudi kwa safari ya mwisho. Aliondoka Unguja, akashuka Mikindani, akaingia bara pamoja na Chuma na Susi, mtu wa Shupanga. Tangu hapo maisha yake twayajua karibu yote kwa daftari zake. Alikuwa na vitabu vidogo vya kuandika njiani, na kila alipopata nafasi ya kupumzika alinakili yote katika daftari kubwa. Aliandika kila kitu: mahali alipolala, mvua iliyonyesha, majina ya mito, bei ya chakula, sura za watu, ugonjwa wake, na maombi yake. Mwezi wa Januari 1867 watu wawili walitoroka na sanduku la dawa, kwinini na yote, naye akaandika kwamba aliona kama amehukumiwa kufa. Lakini papo hapo alijaribu kuwatetea wale waliotoroka, akikumbuka kwamba walikulia utumwani, ambako hakuna aliyewafundisha uaminifu.

Huko Manyema, katika miaka ya 1870 na 1871, vidonda vya miguu vilimlaza kwa siku nyingi, naye akaisoma Biblia yote mara nne. Karatasi zikamwishia. Akachukua gazeti la zamani la Kiingereza, akaandika juu yake kwa kukatiza maandiko yaliyopigwa chapa, na wino aliufanya kwa maji ya matunda ya porini. Juu ya karatasi hizo ndiko alikoandika habari za tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko huko Nyangwe, watu wa misafara walipowapiga risasi wanawake waliokuja kuuza na kununua, na wengine wengi wakazama mtoni Lualaba wakikimbia. Wino ule ulififia hata karatasi hazikusomeka tena. Lakini mwaka 2011 wataalamu waliyadhihirisha maandishi hayo kwa kuzipiga picha kwa mianga ya namna nyingi. Ndipo ilipoonekana kwamba, alipoinakili habari ile katika daftari kubwa, mzee aliyapunguza baadhi ya mambo yaliyowahusu watu wa msafara wake mwenyewe. Hata mcha Mungu huandika mara ya pili kwa kujihadhari. Tusishangae, wala tusiseme kwamba hakika yote ya mtu imo katika daftari lake.

Baada ya mauaji yale alirudi Ujiji akiwa kama mifupa inayotembea, na huko Stanley alimkuta mwishoni mwa mwaka 1871. Stanley akamsihi warudi wote Ulaya. Yeye akakataa, kwa kuwa kazi yake haijaisha. Wakaagana Kwihara, na sanduku la daftari likashuka pwani kwa njia tuliyoisimulia. Siku tano baada ya kuagana, siku aliyotimiza miaka 59, aliandika sala ya kujitoa tena kwa Mungu, akiomba amalize kazi kabla mwaka haujapita. Na katika mwaka huo huo mwanawe Oswell alifika Unguja pamoja na watu waliotumwa kumtafuta. Lakini alipopata habari kwamba Stanley amekwisha kumwona, naye hali yake haikuwa njema, alirudi kwao pasipo kuuona uso wa baba yake.

Stanley alipeleka watu 57 kutoka pwani, na miongoni mwao Jacob Wainwright, Myao aliyeokolewa utumwani akasomeshwa Nasik katika Bara Hindi. Mwezi wa Agosti 1872 wakaondoka kwenda kusini. Masika yakawakuta katika mabwawa ya Bangweulu. Daktari akitokwa damu, akabebwa kwa machela. Maneno ya mwisho katika kitabu chake yana tarehe 27 Aprili 1873, siku ile ile aliyokufa Mary miaka 11 kabla. Alfajiri ya tarehe 1 Mei, katika kijiji cha Chitambo, watumishi wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, uso wake juu ya mto, naye amekwisha kufa.

Hapo ndipo tunapoona thamani ya watu waliokuwa naye. Hakuna Mzungu aliyekuwa karibu kuwaamuru, wala mshahara ulioahidiwa. Wangaliweza kumzika na kugawana vitu vyake. Badala yake walifungua masanduku mbele ya mashahidi, na Jacob akaandika orodha ya vitu vyote, ili kisipotee hata kimoja. Moyo wake wakauzika chini ya mti, Jacob akisoma maneno ya maziko. Mwili wakaukausha juani siku 14, wakaufunga kwa nguo ya merikani na gome la mti, wakaanza safari. Walipofika Unyanyembe, afisa Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike pale pale, wakakataa. Katika mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo na mwili na daftari pia. Tarehe 18 Aprili 1874 alizikwa London katika kanisa la Westminster, Jacob akiwa miongoni mwa waliolichukua jeneza. Kisha Chuma na Susi waliitwa Uingereza, wakakaa na Horace Waller, ambaye alikuwa mmoja wa wamisionari wa Magomero, wakamweleza majina ya mahali na mambo ambayo mkono wa mgonjwa haukuyaandika wazi. Hivyo kikatoka kitabu cha safari zake za mwisho mwaka huo wa 1874.

Habari za Nyangwe zilipofika Ulaya zilizidisha hasira ya watu juu ya biashara ya watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Livingstone alikuwa amekufa wiki tano kabla, asijue. Mahali pa soko lile pakajengwa kanisa kuu la Anglikana, na ndani yake umo msalaba uliochongwa kwa mti ambao moyo wake ulizikwa chini yake.

Sasa turudi kwa watoto wa watoto wake. Yeye hakuona mjukuu hata mmoja. Agnes aliolewa mwaka 1875 na Alexander Low Bruce, mtu tajiri wa Edinburgh. Anna Mary aliolewa na Frank Wilson mwaka 1881. Wajukuu walimjua babu yao kwa vitabu na daftari tu, kama wengi wetu tunavyowajua babu zetu.

Bruce alipata shamba kubwa sana katika nchi ya Nyasa, zaidi ya ekari 160,000, na alipokufa mwaka 1893 likawa la wanawe wawili, ambao wote walichukua jina la Livingstone katikati ya majina yao. Shamba hilo lilikuwa Magomero, mahali pale pale ambapo Chuma na wenziwe waliishi baada ya kamba zao kukatwa. Waliokaa juu ya ardhi ile walilazimishwa kuifanyia kazi mashamba ya bwana kwa kulipia makao, kazi iliyoitwa thangata. Shule zilikatazwa. Msimamizi, William Jervis Livingstone, ambaye hakuwa mwana wa Daktari, alichoma makanisa yaliyojengwa humo na wafuasi wa mchungaji John Chilembwe. Mwezi wa Januari 1915 Chilembwe aliinua watu. Msimamizi akauawa, Chilembwe naye akauawa baada ya siku chache, na wengi wa watu wake wakanyongwa au kupigwa risasi. Baraza lililochunguza mambo hayo lilisema wazi kwamba dhuluma za shamba lile zilikuwa sababu mojawapo ya maasi.

Lakini mjukuu mwingine, Hubert Wilson, mwana wa yule Anna Mary aliyemwona baba yake mara ya kwanza akiwa na miaka mitano, alisoma uganga kama babu yake, akaja kuwatibu wagonjwa katika misheni ya Chitambo, katika nchi ile ambayo moyo wa babu ulizikwa. Dada yake Ruth naye akatumika huko.

Damu ilikuwa moja, na vitabu vilivyosomwa vilikuwa vile vile. Jina la babu liliandikwa katika hati ya shamba la thangata, nalo likakumbukwa katika nyumba ya wagonjwa ya Chitambo. Basi tusidanganyike, ndugu zangu, kwamba kuwa wajukuu wa mwalimu wa kwanza, au wa mzee wa kanisa, au wa mchungaji, kwatosha. Daftari la babu lililofungwa sandukuni halimzuii mjukuu kumdhulumu jirani yake, wala jina jema haliwi kinga mbele ya Mungu.

Na tena, tukiuliza ni nani aliyeurithi moyo wa Livingstone kwanza kabisa, jibu si mwana wala mjukuu. Ni Chuma aliyefunguliwa shingo karibu na Magomero, aliyekufa Unguja mwaka 1882. Ni Susi, aliyebatizwa kwa jina la Daudi mwaka 1886, akafa mwaka 1891. Ni Jacob Wainwright aliyeandika orodha ya masanduku pasipo kuiba kitu, aliyekufa Urambo mwaka 1892. Hawa hawakuwa na haki ya urithi wowote, bali walibeba.

Basi yeyote miongoni mwetu aliye na sanduku la karatasi za babu, iwe ni hesabu za usharika, majina ya waliobatizwa, au maneno machache aliyoyaandika usiku kwa taa ya kibatari, asiziache kwa mchwa. Azitoe, azisome pamoja na watoto, asiyafiche makosa ya mzee wala machozi yake. Kisha ajitazame mwenyewe kama anabeba alichoachiwa, au anajiita kwa jina lake tu. Maji ya Ngerengere bado hufurika masika yanapozidi, na mzigo wa namna hii hauvuki pasipo mtu wa kujitwika.